Mpaka Kazi ya Zuhura Iishe

Hebu mwone kwanza anavyofika. Ni mwezi wa tatu, mwaka 1987, masika yameanza, na gari la mboga limekwama kwenye utelezi chini ya Mgeta. Kijana mmoja mwembamba anashuka, anavua viatu vyake vyeusi, anavifunga kamba kwa kamba na kuvitundika shingoni. Anajitwisha godoro lililoviringishwa ndani ya nailoni, kisha anaanza kupanda mlima miguu mitupu. Ukungu umeshuka mpaka barabarani. Akina mama wanaoteremka na matenga ya kabichi wanampisha huku wakimcheka kidogo, kwa sababu kila akiteleza godoro linamgeuza upande linaotaka lenyewe. Msichana mmoja aliyelowa kanga anasimama kando na kumuuliza, "Mwalimu, umelibeba hilo godoro au limekubeba?"

Alijuaje kwamba ni mwalimu? Ni vile viatu. Mtu mwingine angevitumbukiza tu kwenye tope.

Kijana huyo ndiye Castory, mzaliwa wa Mbinga kule kusini, aliyepangiwa kufundisha Kiingereza kwenye sekondari ya mlimani. Msichana ndiye Modesta. Mwaka wa pili walifunga ndoa, na Castory akahamia kwenye shamba la mkewe, akajenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya ngazi za mlimani zilizopandwa maharage.

Hapo nikae nawe kidogo nikueleze, maana usipolijua hili utamlaumu mtu asiye na kosa. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Shamba ni la ukoo, wenyewe huuita lukolo, na mwanamume akioa analima shamba la ukoo wa mke, anakula, anajenga, anaheshimiwa, lakini habadiliki kuwa mwenyeji. Mti wa kudumu hapandi, kwa kuwa mti ni kama sahihi ya mtu juu ya ardhi. Castory aliyafuata hayo bila kunung'unika. Mwaka Modesta alipotaka mpichi karibu na dirisha la jikoni, yeye Castory alichimba shimo, akachota maji, kisha akasogea pembeni akiwa na ndoo mkononi mpaka mkewe aliposhindilia udongo kwa viganja vyake mwenyewe. Wakacheka. Hawakujaliwa mtoto, na katika nyumba ile kicheko kilikuwa kazi iliyofanywa na watu wawili tu.

Shuleni walimwita Mwalimu Nani. Jina hilo lilitokana na ugonjwa mmoja wa Kiingereza ambao alikuwa hauvumilii: maneno ya mwanzo wa sentensi yanayoning'inia bila mwenyewe. Mwanafunzi angeandika, "Having walked since dawn, the cabbages reached the market." Mwalimu angeisoma taratibu, angeweka chaki chini, na kuuliza, "Nani ametembea tangu alfajiri?" Kisha angejibu mwenyewe: "Kwa ulivyoandika, ni kabichi. Haya, simama utuoneshe kabichi inavyotembea." Na mtoto angesimama, akatembea kama kabichi, na asingerudia tena kosa hilo mpaka anaingia kaburini.

Wala hakuwadharau kwa kosa hilo. Alikuwa akiwaambia kwamba wanakosea kwa sababu lugha yao imewazoesha vizuri mno. Kwa Kiswahili ukisema, "Ukiwa umekauka miaka miwili, wakulima waliuacha mfereji," hakuna anayepotea, maana ile u- imeshikana na mfereji wake toka mwanzo. Ukiihamisha kama ilivyo kwenda Kiingereza, kamba inakatika njiani, na wanaoonekana kukauka miaka miwili ni wakulima. Alisahihisha kwa penseli, si kwa wino mwekundu, akisema mtu akishaelewa kosa lake ana haki ya kulifuta.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Walikuwa wamepanga na Modesta kwamba sasa watalala mpaka jua litoke. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Modesta alianza kulalamika kifua, wakamteremsha mjini Morogoro, na siku ya tisa wakampandisha tena akiwa ndani ya sanduku. Alizikwa kwenye makaburi ya ukoo, ng'ambo ya bonde dogo, mahali panapoonekana vizuri kutoka kwenye baraza ya nyumba yao. Castory akahamisha kiti chake kutoka upande wa barabara, akakiweka upande ule.

Arobaini ilipokwisha, kilikaa kikao. Aliyekiongoza ni Pazi, kaka mkubwa wa Modesta, mjomba anayesimamia ukoo mzima, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu ambaye hukohoa mara mbili kabla ya kutamka jambo zito. Siku hiyo alikohoa mara nyingi. Alisema ukoo unamshukuru shemeji kwa kumtunza dada yao, kwamba hakuna aliyewahi kusikia kelele kutoka nyumba ile, kwamba maharage ya shamba lile yanajulikana mpaka sokoni mjini. Halafu akafika alipokuwa anakwenda.

"Shemeji, hatukufukuzi, na asitokee mtu akasema tumekufukuza. Lakini nyumba sasa ni ya Zuhura. Na wewe unako kwenu."

Zuhura ni binti ambaye mama yake, mdogo wake Modesta, ameolewa mjini. Kwa Castory alikuwa mtoto. Ndiye aliyekuwa akija kila likizo tangu darasa la kwanza, akimwita ba'mkubwa. Sasa alikuwa anasoma shahada ya pili chuo kikuu, pale Mazimbu mjini Morogoro, akiandika tasnifu kuhusu mifereji ya maji ya wakulima wa mbogamboga, na hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kufika huko. Mama yake mwenyewe alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba mahafali ni mwaka huu.

Kwenye vikao vile vijana husikiliza tu. Zuhura akanyanyua mkono.

"Mjomba, shikamoo tena. Kazi yangu imerudishwa chuoni. Msimamizi anasema utafiti ni mzuri ila Kiingereza kinachechemea. Sina mwingine wa kuninyooshea ila ba'mkubwa. Akiondoka sasa, mimi nimekwisha."

Pazi alimtazama. Akawatazama wazee wenzake. Hakuna aliyetaka kuwa sababu ya mtoto kukosa joho.

"Basi," alisema. "Kazi ya mtoto iishe kwanza. Ikiisha, tutamsindikiza shemeji kwa heshima."

Hivyo ndivyo mzee yule alivyopewa muda wa kukaa na mkewe. Haukupimwa kwa mwezi wala kwa msimu. Ulipimwa kwa kurasa.

Mambo yalikwenda hivi. Zuhura alichapisha sura kwenye steshenari karibu na chuo, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akampa dereva wa gari la mboga linalorudi mlimani tupu. Castory aliisoma barazani akiwa amejifunika shuka la Modesta, maana Mgeta mwezi wa sita baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Akimaliza aliirudisha kwa gari lile lile likishuka na kabichi. Jumamosi Zuhura alipanda mwenyewe, wakakaa pamoja, naye akaulizwa "Nani?" mpaka akachoka.

Sura ya kwanza ilikuwa mbaya. Wakulima walikauka, mifereji ilihojiwa, mahojiano yakapanda mlima kwa saa mbili. Sura ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu ilikuja ikiwa safi kiasi kwamba Castory aliifunika jioni ile ile, akaenda kusimama uani bila kujua anatafuta nini. Alikuwa amefurahi kama mwalimu. Halafu akahesabu sura zilizobaki, zikawa mbili, na furaha ikamtoka.

Nitakueleza ukweli wake kwa kuwa aliukiri mwenyewe baadaye: usiku huo aliwaza kuvuta kazi. Kukaa na bahasha wiki mbili badala ya siku mbili. Alipofika kwenye wazo la kuandika alama mahali pasipo na kosa, aliona aibu, akageukia ukutani.

Haikumlazimu kufanya hivyo. Sura ya nne ilikuja imeharibika.

Iliharibika kwa namna ya ajabu. Tahajia sawa, nyakati sawa, nukta mahali pake. Ila kila baada ya ukurasa mmoja au miwili kulikuwa na sentensi inayoning'inia, kubwa, ya wazi, kama jiwe lililowekwa katikati ya njia iliyofagiliwa. Castory alifikiri mtoto amechoka. Akasahihisha, akarudisha. Ikaja tena, zile za zamani zimerekebishwa, mpya zimechipua kwingine. Akasahihisha. Miezi ikapita hivyo, maharage yakavunwa yakapandwa upya, na kila asubuhi aliweza kuvuka bonde na kung'oa majani kaburini.

Kwenye bahasha ya mwezi wa pili, mwaka ukiwa umegeuka, alikuta ukurasa wa themanini na mbili mara mbili. Steshenari walikuwa wameunganisha karatasi mbili kwa bahati mbaya. Ya juu ilikuwa na sentensi mbovu tatu. Ya chini ilikuwa ukurasa ule ule, maneno yale yale, bila kosa hata moja. Zuhura alikuwa ameandika vizuri kwanza, kisha akakaa chini, akaharibu.

Mzee alishika karatasi moja kila mkono, upepo ukizipiga, mpaka maji aliyoyabandika jikoni yakakauka na sufuria ikaanza kunuka.

Ungetarajia aseme. Hakusema. Ile safi aliikunja akaificha ndani ya kitabu cha nyimbo cha Modesta, akachukua penseli, akasahihisha ile mbovu kwa uangalifu, na pembeni akaandika kama kawaida, "Nani?" Jumamosi Zuhura alipokuja walikaa wote wawili juu ya kazi ile, huyu akijua, na yule asijue kwamba mwenzake anajua. Mpaka leo Castory anasema hakuwahi kupendwa hivyo na mtu aliye hai, ukimtoa mmoja ambaye hayupo tena.

Aliyekuja kulivunja jambo hilo ni Pazi, na hakuja kwa ubaya. Alipanda asubuhi moja ya mwezi wa tano, amelowa magoti kwa umande, akakataa chai, jambo ambalo si la kawaida yake. Alisema chuo kimempigia simu mama yake Zuhura. Muda wa mtoto ulishaongezwa mara mbili. Kazi isipofika chuoni kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, jina lake linafutwa, na miaka yote mitatu inakwenda na maji. Akakohoa mara mbili.

"Shemeji, mimi sijui hicho Kiingereza chenu. Lakini mtu akilima shamba moja mwaka mzima halimaliziki, watu wanauliza. Huko chini wanasema unaivuta kazi ili usiondoke."

Castory alikuwa na jibu mkononi, limekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Angeliweka mezani, angekuwa safi. Lakini Zuhura angebaki binti aliyemdanganya mjomba wake na kikao kizima cha ukoo, na Zuhura ndiye angeishi na watu hao; watamwoza wao, watamzika wao.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Macho yamechoka. Nitamaliza."

Pazi akatikisa kichwa, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Alipoinuka kuondoka, Castory akamwomba jambo ambalo alikuwa amelibeba mwaka mzima. Hakuomba nyumba. Aliomba kwamba siku yake ikifika, wamlaze ng'ambo ya bonde, hata kama ni pembeni, hata nje ya ua wa makaburi.

Mzee yule akakaa tena.

"Makaburi ya ukoo ni ya ukoo," alisema pole pole. "Unafikiri ni wewe peke yako? Baba yangu mzazi, aliyenizaa mimi na Modesta, hayupo pale. Alikufa akiwa anamshika mama mkono. Tulimbeba kwenye machela siku nzima mpaka kwao Matombo, mama tukamwacha hapa. Nilikuwa kijana, nilibeba mguu wa machela. Nikikukubalia wewe, shemeji, yule nimweleze nini?"

 Walikaa barazani, wanaume wawili wazee, wakitazama upande mmoja.

Jumamosi iliyofuata Castory hakungoja Zuhura apumzike. Alimwekea mbele ukurasa wa themanini na mbili, ule safi. Binti aliutazama, uso ukambadilika, akaanza kupanga mikunjo ya kitenge chake.

"Umeujua lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na ukaendelea kusahihisha."

"Na wewe ukaendelea kuharibu."

Walitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Zuhura alisema atakwenda kwa mjomba, atamwambia nyumba haitaki kama baba yake mkubwa hayumo ndani yake, na shahada waifute wakitaka. Alisema hayo na mengine, kwa sauti ya mtu aliyeyarudia njia nzima kutoka mjini. Mzee alimwacha mpaka akamaliza.

"Mama yako mkubwa," alisema kisha, "alikuwa anauza kabichi ili ada yako ya sekondari itimie, na mimi nilikuwa nakuuliza 'Nani?' likizo nzima. Usituharibie kazi yetu, Zuhura. Niletee sura zote zilivyo. Zile nzuri."

Zilikuwa kwenye begi lake. Alikuwa anatembea nazo.

Walikaa siku ile kutoka saa nne asubuhi mpaka mwanga ulipowaishia. Castory alipitia kila ukurasa, na hakukuwa na cha kufanya, binti alikuwa ameiva. Mwisho kabisa akafika kwenye ukurasa wa shukrani, ambao Zuhura alikuwa ameuandika alfajiri ile kwenye kompyuta ya rafiki, kwa haraka, bila kuupitia. Mzee aliusoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akausoma tena. Zuhura anakumbuka kwamba aliusoma mara tatu. Kisha akaufunika juu ya nyingine, akasema, "Imeisha."

Ukoo ulimsindikiza kwa heshima kama ulivyoahidi. Walimchinjia mbuzi, walimpa shuka jipya na gunia la maharage, na Pazi mwenyewe alishuka naye mpaka stendi ya Msamvu, akamtafutia kiti cha dirishani. Mbinga alipokelewa na mtoto wa kaka yake, kijana mzuri, akapewa chumba cha uani. Wajukuu wanamwamkia vizuri. Ila pale hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwona Modesta. Akitaja jina lake wanasema "pole, babu," na mazungumzo yanageukia kahawa. Miaka thelathini na saba ya maisha yake imekuwa kitu ambacho lazima akieleze kwanza ndipo akikumbuke.

Mwezi wa tisa watahini wakarudisha kazi ya Zuhura. Wameisifu. Wamezungushia duara sentensi moja tu, ile ya kwanza kwenye ukurasa wa shukrani, na kuagiza irekebishwe kabla ya kujalidiwa. "Having died before I could finish, I dedicate this work to my aunt Modesta." Alikusudia kumtunukia kazi mama yake mkubwa Modesta, aliyekufa kabla haijaisha; ila kwa maneno yale, aliyekufa ni Zuhura.

Mwalimu aliyekuwa hapitwi na kosa hilo kwa miaka thelathini na tano alilisoma mara tatu, akalipita. Kwa nini, hajasema. Huenda ni macho kweli. Huenda kuinyoosha kulimtaka aandike kwa mkono wake, wazi wazi, nani amekufa.

Zuhura hakuigusa sentensi ile, ingawa angeweza kuinyoosha akiwa amesimama. Aliichukua mpaka Mgeta, akaiweka mbele ya mjomba wake, akamwambia kazi haijaisha. Pazi aliishika karatasi asiyoweza kuisoma, akalitazama lile duara. Wanasema hakukohoa.

"Nilisema mpaka iishe," alisema. "Kama haijaisha, mwiteni. Lakini ikiisha, imeisha."

Jioni hiyo simu ikalia Mbinga, kwenye chumba cha uani. Zuhura akamsomea sentensi. Akamwambia tarehe ya mwisho ni baada ya wiki tatu, kwamba nyumba imefagiliwa, kwamba kiti chake kiko palepale. Castory alikuwa na jibu la sentensi ile kwenye ncha ya ulimi. Ni maneno machache ya kuhamisha, yanatamkwa kwa pumzi moja, na kila kitu kingekwisha hapo hapo kwenye simu. Au angefunga begi alfajiri, apande basi siku nzima, akakae wiki tatu akitazamana na bonde lile, halafu aondoke kwa mara ya pili, yeye ambaye ya kwanza ilimwacha nusu mtu.

"Ba'mkubwa, upo?" Zuhura aliuliza.

Wewe ungekuwa ndiye umeishika simu ile, ungemjibu nini?